Macho Chini ya Kofia

Studio yangu ya picha iko mtaa wa Kilibula, nyumbani kwangu: chumba kimoja chenye dirisha moja. Taa sina. Wenzangu wa barabarani wana taa za kutoka Bujumbura, na umeme ukikatika wanabaki kuzitazama. Mimi nina jua, shuka jeupe na jicho langu, na wateja wananijua bila kibao. Kizuri chajiuza.

Asubuhi hiyo Claire alimleta baba yake, mzee Kagabo, mfugaji aliyeteremka kutoka milimani kumuaga. Kesho yake Claire alikuwa anaondoka kumfuata mumewe Kanada, na mzee alikuwa anarudi kwa ng'ombe wake. Nani ajuaye kama wangeonana tena. Claire alinionyesha picha za baba yake kwenye simu. Katika zote, kofia pana ilikuwa imemwaga kivuli hadi puani.

"Yaya Olive," akaniambia, akiniita dada kwa heshima, "batoto bangu batajua kofia ya babu yabo tu. Minye niko nataka macho."

Nikamwambia ahesabu ameshayapata. Ndivyo nilivyo, ahadi kwanza, kazi baadaye.

Nikamkalisha mzee kando ya dirisha, nikamwomba kwa adabu avue kofia. Akakataa kwa adabu vilevile: kofia yake huvuliwa kwa sala tu. Basi tuombe, nikasema, nikijiona mjanja kuliko sungura. Mzee akaivua, akaomba kwa Kinyamulenge, akaomba sana, nami kamera mkononi. Macho kayafumba. Alipoyafumbua baada ya amina, kofia ilikuwa imekwisha kurudi kichwani. Claire akacheka hadi akatokwa na machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

Hapo ikaniuma. Nikatandika shuka langu magotini pa mzee ili lirudishe mwanga juu, chini ya ukingo wa kofia. Akalikunja, akanirudishia.

"Weye mutoto, minye sijakufa bado," akasema.

Haya. Lakini kando ya kiti alikuwa ameweka Biblia yake, ile kubwa ya maandishi manene. Nikamwomba aifungue magotini, nikasogeza kiti mpaka jua la dirishani likaangukia kurasa zake. Mwanga ukapanda wenyewe hadi usoni, ukaingia chini ya kofia, na macho yakatokea: makubwa, ya kahawia, yenye kope ndefu kama za ndama. Nikamwomba anitazame, nikapiga.

Nikampelekea kamera aone, nikisubiri sifa zangu. Mzee akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Hii macho haiko yangu," akasema mwishowe. "Huyu ni mama."

Mama yake alikufa kabla Claire hajazaliwa, na hakuacha picha hata moja. Claire akaja kusimama nyuma ya kiti, akainama atazame vizuri.

Mzee akavua kofia.