Mbio za Mkekani

Mkimbiaji hazeeki moyo, anazeeka magoti tu. Hivyo ndivyo alivyopenda kujisifu mzee Egidius wa Bagara, Babati, mpaka moyo wenyewe ulipomgeuka. Enzi zile Babati bado iko mkoa wa Arusha, alikimbia mbio ndefu pekupeku, na watu wa kwao Mbulu walimjua kwa mtindo wake mmoja: anakaa nyuma ya bega la anayeongoza, kimya, halafu mita mia za mwisho anachomoka kama swala aliyeona fisi. Sasa daktari alikuwa amemwambia, "Mzee, mazoezi mepesi ya nyumbani. Kifua kikibana, kaa chini. Ukibisha, utakufa."

Ndipo binti yake Careen, anayefanya kazi Arusha mjini, akamtumia gemu la mazoezi. Mikeka miwili ya plastiki, unaiunganisha na TV kwa waya. Wewe unakimbia palepale juu ya mkeka, na kwenye TV kimtu chako kinakimbia uwanjani. Careen alidhani ametuma dawa. Kumbe ametuma balaa.

Mzee hakucheza. Alishindana. Jumapili iliyopita Mama Careen, mkewe, alimwona anahema vibaya akachomoa waya. Mzee alivaa viatu, akatoka, akaanza kukimbia kwenye lami kuelekea Bonga, jua la saa saba kichwani. Alirudishwa kwa bodaboda, midomo ya kijivu, anawatukana waliomwokoa.

Jumamosi hii Mama Careen alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nyumbani walibaki mzee na kijana wake Wiliam, aliyeacha shule kidato cha pili na tangu siku hiyo hajasikia jema kutoka kinywa cha baba yake.

"Panda mkekani," mzee alimwambia.

"Baba, asubuhi umesema kifua kinakusumbua."

"Asubuhi imepita. Au unaogopa utaachia njiani? Si ndiyo fani yako?"

Wiliam alipanda. Alijiapiza moyoni kwamba leo anamaliza, hata mapaja yawake moto, ili mzee huyu akose la kusema.

Mbio zikaanza. Miguu minne ikapiga sakafu, puh-puh-puh, vikombe vikatetemeka kabatini. Wiliam akaongoza. Nyuma yake kwenye TV, kama kawaida, kimtu cha mzee kikakaa begani.

"Unatupa mikono kama unafukuza nyuki!" mzee akamcheka.

Baada ya muda kejeli ziliisha. Wiliam akageuza shingo. Mzee alikuwa amebonyeza ngumi kifuani, na jasho linalomtoka halikuwa la joto. Midomo ilikuwa imeanza rangi ile ya Jumapili.

"Baba, shuka."

"Kimbia."

"Shuka, nakuambia! Unajiua!"

"Mbio... zina... mwisho wake. Kimbia."

Sikio la kufa halisikii dawa. Wiliam aliutazama waya ukutani. Akiuchomoa, mzee atavaa viatu, na leo hafiki hata barabarani. Kumbeba? Mzee angepigana, na moyo ule haukuwa na nguvu ya kupigana.

Akapata wazo. Huyu si anakaa begani? Basi akapunguza mwendo, kidogo, tena kidogo. Pembeni yake hatua za mzee nazo zikapungua. Puh... puh... Wiliam akaomba Mungu mzee asishtuke. Mwendo ukawa karibu wa kutembea. Pumzi ya mzee ikakwaruza, lakini ikashuka.

Halafu TV ikaandika: mita mia.

Wiliam alisikia mkeka wa pili unalia. Mzee alikuwa ameinua magoti. Anachomoka! Macho yamemtoka, mdomo wazi, mkono umeganda kifuani, na miguu inapiga kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Gemu lile lilikuwa hivi: mmoja akishuka mkekani, mbio zinakatika hapohapo, anayebaki anapewa ushindi. Wiliam alilijua hilo tangu mwanzo. Tangu mwanzo alikuwa anatafuta njia nyingine yoyote, isiyokuwa hiyo.

Akashuka.

TV ikapiga makofi. Kimtu cha mzee kikanyanyua mikono. Mzee akasimama, akayumba, akatafuta kochi kwa mkono kama kipofu, akakaa.

"Umeacha," alisema, anahema. "Nilijua. Wewe... huna mwisho."

"Ndiyo, baba. Umenishinda. Usiinuke."

Wiliam akampigia simu Bushiri, jirani mwenye bajaji. Bushiri alifika, wakambeba wakamkalisha nyuma, Wiliam akimkumbatia asianguke.

"Shikamoo Baba Careen. Pole mzee, tunawahi hospitali," Bushiri alisema.

Mzee hakuwa na pumzi ya marahaba. Lakini alinyanyua kidole, akamwonyesha mwanawe.

"Huyu... ameachia... zimebaki mita mia."

Bushiri akacheka kidogo, kumtuliza mgonjwa. "Ah, Wiliam! Umetuaibisha vijana, mdogo wangu."

Jibu lilikuwepo, kali, limefika ulimini kabisa. Chini ya kiganja chake Wiliam aliusikia moyo wa baba yake: unagonga, unaruka, unanyamaza, unagonga tena.

"Nimeacha, kaka," akasema. "Kanyaga mafuta."