Lenzi Iliyopimwa Juani

Dukani kwa Yahaya, lenzi mbili zilikuwa zimelala juu ya kitambaa cheusi, na Hilda hakujua aichukue ipi. Ya kwanza ilikuwa na jicho pana, lenye kuona hata penye mwanga hafifu, lakini bei yake ingemeza karibu fedha yote aliyopata kwa kuuza zabibu zake. Ya pili ilikuwa imetumika kidogo, na kwa bei yake ingebaki fedha ya sare za Ruthu, bintiye. Jumamosi angepiga picha za sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, katika ukumbi mpya wa Nzuguni. Mwenye ukumbi, Mzee Swalihu, alikwisha kumwambia kwamba picha zikimpendeza, kazi zote za ukumbi huo zitakuwa zake.

Ndiyo maana alimwita Emilia amshauri. Emilia ndiye aliyemfundisha kushika kamera, na ndiye aliyemsimamia siku ya ndoa yake. Mtu hamfichi msimamizi wake hata kiraka cha nguo ya ndani.

"Mbona unahangaika, mdogo wangu?" Emilia alicheka. "Lenzi inapimwa, haiogopwi. Twende juani. Jua la Dodoma halimstahi mtu."

Wakatoka. Ilikuwa saa sita, jua liko utosini. Hilda akampiga Emilia picha kwa lenzi ya jicho pana, akairudisha kitambaani, kisha akampiga kwa ile ya pili, nao wakainamia kioo cha kamera pamoja. Picha zilifanana kama mapacha: kila unywele na kila ua la kitenge lilionekana.

"Haya, tofauti iko wapi? Utanunua picha au utanunua jina?" Emilia aliuliza. "Mshonee mtoto sare."

Yahaya alifungua mdomo, akamtazama Emilia, mteja wake wa siku nyingi, akaufunga. Hilda akalipia lenzi ya bei nafuu, na njia nzima alikuwa akishukuru.

Jumamosi, taa za ukumbini zilikuwa za zambarau, zile zinazopendwa na maharusi na kuchukiwa na kamera. Binti, Angelina, alipoingia akicheza katikati ya mashangazi zake, Hilda alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Nyuso zilikuwa ukungu mtupu. Alipoilazimisha kamera kuona gizani, picha zikajaa chenga kama mtama uliomwagika. Angelina alimlisha mama yake keki, mama akalia, na kwenye picha, pale palipokuwa na uso wenye machozi, palikuwa na doa.

Jumatatu alikwenda kwa Mzee Swalihu kuomba radhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Ruthu. Usijisumbue, mwanangu, picha ninazo. Emilia alikaa meza ya nyuma na kamera yake. Alisema alijua utalemewa." Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Yule mama anavyolia! Unaweza kumpa leso. Basi kazi nimempa yeye."

Hilda alitoka pale akiwa hasikii hata honi za bodaboda. Akaenda moja kwa moja kwa Yahaya.

"Ile lenzi ya jicho pana iko wapi?"

"Emilia aliichukua jioni ya siku ileile uliyonunua yako."

"Naye aliipimia juani?"

Yahaya alianza kufuta meza iliyokuwa safi. "Hapana, mama. Aliomba aipimie stoo. Akaniambia nizime taa na nifunge mlango."

Hilda akatoka nje. Alisimama chini ya kibaraza cha duka, akawasha kamera, akaitafuta picha ya saa sita iliyopigwa kwa lenzi yake, akaikuza mpaka uso wa Emilia ukajaa kiooni. Kinywa kilikuwa kinacheka, lakini macho hayakuwa kwa Hilda. Yalitazama pembeni, mlangoni mwa duka, kuelekea kitambaa cheusi ambako lenzi ya jicho pana ilikuwa imebaki peke yake.

Picha ilikuwa safi kabisa. Lenzi ya bei nafuu ilikuwa imemwonyesha kila kitu siku ileile, naye alikuwa akihesabu maua ya kitenge.