Kochi Katikati ya Barabara

Jiji lilifunga barabara bila kubisha hodi. Watu walilala magari yakipita, wakaamka wakakuta mawe ya zege yamepangwa huku na huku kama meno ya mamba, na kibao kirefu kikitangaza kwamba kuanzia sasa mtaa ni wa waendao kwa miguu tu. Wakubwa waliahidi mengi: watu watapumua, watatembea kwa raha, watakaa kwenye mabenchi mazuri. Mabenchi yenyewe hayakuja. Walikuja vijana na ndoo ya rangi, wakachora mistatili ya njano chini, na ndani ya kila mmoja wakaandika "BENCHI". Mtaa mzima ukabaki kukalia maandishi.

Wa kuumia zaidi alikuwa Mama Makochi. Karakana yake ya makochi aliirithi kwa baba yake, pamoja na nyundo zake na kiburi chake. Muuza nyanya anaweza kumpa mteja nyanya zake akaondoka nazo mkononi. Kochi haliendi kwa mfuko. Wateja wake walikuwa watu wa magari, na magari yalipokatazwa, nao wakakata mguu. Shemeji yake alikwishamtafutia chumba nje ya mji. Mwenyewe aliapa mbele ya majirani: oda ya daktari wa meno ikiharibika, anafunga virago.

Daktari huyo alikuwa anafungua kliniki mpya ng'ambo ya barabara kuu. Alitaka kochi moja refu la chumba cha kungojea, limfikie leo kabla hajafunga kazi. Akilipenda, viti vyote vya kliniki vitatengenezwa na Mama Makochi. Lisipofika, atanunua vya kiwandani.

Kochi lilikuwa tayari, la buluu, limenona kama ndama. Hata shangazi yake alikwishalipitisha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana tangu enzi za baba: kochi halitoki mpaka shangazi, mwenye mwili wake wa kutosha, alikalie na kunywa chai kikombe kizima. Mbao zikilia hata mara moja, kazi inaanza upya.

Lakini fremu ilikuwa kipande kimoja toka mkono hadi mkono. Baba aliamini kiungo ni kidonda, na binti hakujua kazi nyingine. Kulitenganisha hakuwezekani. Na gari la mizigo lilikuwa kule mwisho wa mtaa, kwenye barabara kuu, nyuma ya mawe, dereva akipiga honi za hasira.

"Dada, si nilikwambia utie bolti katikati?" alisema kinyozi wa jirani, akijiegemeza mlangoni.

"Na mimi si nilikwambia uache kukata watu masikio? Njoo ushike huku."

Kinyozi akashika. Mshona viatu akashika, muuza nyanya akashika, na Mama Makochi mwenyewe akaingia mbele. Wakalitoa kochi nje kwa kelele, kila mtu akimwamuru mwenzake.

Hawakufika mbali. Mshona viatu alilalamika kiuno, wakalitua. Papo hapo askari wa jiji akawatokea, kijana mwembamba aliyeshinda juani siku nzima.

"Inueni hicho! Kutua mizigo barabarani ni marufuku. La sivyo linakwenda yadi ya jiji."

Likiingia yadi, halitoki leo wala kesho. Mama Makochi aliinama kulibeba peke yake, mwanamke mmoja na kochi la watu wanne.

Shangazi, aliyekuwa akiwafuata polepole na kikombe chake, akamshika bega. "Subiri kwanza, mwanangu." Akamgeukia askari. "Baba, hapo chini pameandikwa nini?"

Askari akatazama. Kochi lilikuwa limetua pembeni mwa mstatili wa njano. Shangazi akalisukuma kwa nyonga, likaingia ndani ya mstari sawasawa.

"Pameandikwa benchi," askari akasema.

"Benchi lenyewe liko wapi?"

"Linakuja, mama. Liko njiani."

"Basi hili limetangulia," shangazi akasema, na akaketi.

Mtaa ukalipuka kwa kicheko. Askari alitaka kukasirika, akashindwa. Bibi mmoja aliyebeba mboga akauliza kama nafasi ipo, akakaa. Mjamzito akakaa, akafumba macho, akasema yeye hainuki leo. Kuanzia hapo safari ikawa ya mstatili hadi mstatili: inua, sogea, tua, na kila wakitua, watu wanakaa kabla miguu ya kochi haijagusa lami.

"Tokeni, jamani! Ni la mteja!" Mama Makochi alipiga kelele. Dereva naye akapiga honi ya mwisho, ndefu, kisha sauti ya gari ikapotea. Walipofika kwenye mawe na kulitua, watu wakakaa tena, lakini palipokuwa na gari palikuwa patupu.

Mama Makochi akakaa kwenye mkono wa kochi, akatazama karakana yake kule nyuma, akaanza kuhesabu moyoni vitu vya kufunga.

Mwanamke mwenye koti jeupe akapenya kati ya watu, akapata pembe, akakaa. Alikuwa daktari wa meno.

"Nimekuja kwa miguu kukwambia oda ndiyo basi," alisema. "Nimesikia gari haliingii huku."

"Haliingii," Mama Makochi akajibu.

Daktari hakuondoka. Alimtazama yule mjamzito, aliyekuwa anakoroma. Akamtazama bibi wa mboga, aliyekwishavua viatu. Akajisukuma nyuma mpaka mgongo wake ukazama.

"Wagonjwa wangu hukaa kwenye ncha ya kiti," alisema taratibu, "kama ndege juu ya waya, tayari kuruka. Huwezi kumtibu mtu ambaye mguu mmoja uko nje. Hawa umewafanya nini?"

"Nimewatengenezea kochi."

"Basi nataka viti vya namna hii hii. Vyote, mpaka kile cha mlinzi wa getini. Ila hili nalitaka leo."

Mama Makochi akasimama wima kama msumari mpya. Kliniki ilikuwa ng'ambo tu. Gari la nini, na mtaa mzima una mabega? Vijana wasiojulikana wakajitokeza. Mjamzito akaamshwa kwa kubembelezwa. Shangazi akampa askari kikombe.

"Dada, na ile habari ya kuhama?" kinyozi akauliza, akikamata pembe yake.

"Nani anahama? Wewe shika vizuri, usinichafulie kitambaa na mafuta yako ya nywele!"

Askari akaingia katikati ya barabara kuu, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili juu. Malori yakasimama. Magari madogo yakasimama. Kochi la buluu likavuka juu ya vichwa vya watu, na foleni ikatulia, ikingoja lipite.