Mama Anatembea Kwenda Mlangoni

Jiwe la kusagia lilinyamaza.

Nilikuwa nimelala macho wazi, giza bado, nikisikiliza mtama ukisagika kwaru, kwaru, kama kila alfajiri ya utoto wangu. Halafu kimya. Nikangoja. Mtu anayesaga hupumzika kidogo, hukusanya unga, huongeza punje, kisha huendelea. Kimya kikawa kirefu. Nikatoka na kibatari, nikamkuta mama amepiga magoti, mikono ingali juu ya jiwe, paji la uso limezama kwenye unga.

"Mayu," nikamwita.

Akainuka taratibu, uso wote mweupe. "Nilikuwa nawaza jambo," akasema, akaanza tena kusaga.

Sikumuuliza jambo gani. Ilikuwa Juni ya mwaka 1948. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekuja likizo kutoka shule ya masista mjini Tabora. Kijiji chetu kilikuwa karibu na Usinge, kando ya njia ya zamani ambayo babu zetu waliipita na pembe za ndovu mabegani. Serikali ilikuwa imetukusanya hapo kutoka porini ili tuwe mbali na mbung'o, lakini mbung'o hawakusomewa amri hiyo. Kila mwezi dresa Hilari, mhudumu wa zahanati, alikuja kwa baiskeli, akatupanga mstari na kutafuta wenye malale, ule ugonjwa wa usingizi. Aliyepatikana alipandishwa treni kwenda kutibiwa Tabora. Kabla ya Pasaka walikuwa wamekwenda wawili, Mabruki na mke wa mzee Modest. Yalirudi mablanketi yao tu.

Baba alikuwa kwenye gengi la reli, akija mwisho wa mwezi. Nyumbani tulibaki wawili.

Shuleni, Mwalimu Eustace alitufundisha Kiingereza kwa miguu. Hakumruhusu mtu kusema jambo ambalo halifanyi. Ukitaka kusema unatembea, inuka utembee. Na ukishasema mwili unafanya nini, useme pia unafanyia wapi, unatoka wapi, unaelekea wapi. Sisi tunasema "mlangoni" na neno limekwisha. Kiingereza kina vineno vidogo vya kuonyesha njia, vinatangulia mbele ya mahali kama mtu aliyeshika taa. "I am walking to the door," tulisema, tukienda mlangoni. "I am standing at the door," tukasimama pale. "I am coming from the door," tukarudi. Aliyekosea alianza upya kutoka ukutani.

Nilipomwonyesha mama, alicheka akashika mbavu.

"Kwani Wazungu hawaamini kama mtu anatembea mpaka aseme mwenyewe?"

"Ndivyo mtihani wao ulivyo, Mayu."

"Basi nifundishe. Wasije wakadhani nimekaa."

Mama hakuwahi kuingia darasani, lakini alishika upesi, kwa sababu alijifunza kwa mwili, kama mtu anavyojifunza ngoma. Ndipo nikaona kitu ambacho mpaka leo natamani nisingekiona. Alipokuwa anasema na kutenda, hakusinzia. Akikaa, kichwa kiliinama. Akiacha kazi, kope zilishuka. Lakini nikimsimamisha na kumwonyesha mlango, macho yalifunguka, mgongo ukanyooka, na ile sentensi ikamvuta kama kamba mpaka mwisho wake.

Nilidhani nimepata dawa.

Siku moja, akichambua maharage, alisema bila kunitazama: "Josepha, dresa anakuja Alhamisi."

"Ndiyo, Mayu."

"Sitaki kwenda kufa mbali."

Kwa siku tatu tulizunguka ndani ya nyumba: mlangoni, dirishani, mekoni, mlangoni. Alipochoka nilimshika kiwiko. Alipokosea alirudia bila kununa, na kila tulipomaliza alinishukuru kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naumwa.

Alhamisi tulipangwa mbele ya banda la mikutano. Hilari alikuwa kijana mpole, asiyependa kumfokea mtu. Alipapasa shingo, akatazama macho, kisha akamwambia kila mmoja atembee mpaka mlango wa banda. Aliyemtilia shaka alimchoma kidole na kuchukua damu. Mbele yetu alikuwa jirani yetu Imakulata. Alijikwaa mahali pasipo na kitu. Sindano ikatoka, damu ikaangaliwa kwenye hadubini, na Imakulata akawekwa kando, kwenye kivuli cha ukuta, angoje treni. Alilia kwa sauti. Wanawake wakalia naye, mama pia.

"Mama Josepha," Hilari akaita. "Tembea mpaka mlangoni."

Mama aliniangalia. Nikamwitikia kwa kichwa, kidogo sana.

"I am walking to the door," akasema, na akatembea, wima, kila neno na hatua yake. Alipofika akageuka. "I am standing at the door."

Mstari mzima ukaangua kicheko. "Huyo ameshakuwa memsahibu," mtu mmoja akasema nyuma. "Mleteeni kiti na mwavuli." Hilari naye alicheka, sindano ikiwa mkononi, kisha akairudisha kwenye kisanduku chake.

"Mwenye malale hawezi kujifunza Kiingereza," akasema, na akaliandika jina la mama upande wa wazima.

Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono. Sijawahi kujivunia masomo yangu kama siku ile.

Wajukuu wangu sasa husoma Kiingereza wamekaa. Wanasema wanakimbia kwenda sokoni huku wamejilaza kwenye mkeka, na hakuna anayewakemea. Hupenda niwasikilize, nami huwasikiliza, kwa sababu hofu yangu si yao. Ila wakifika kwenye sentensi ya mlango, mimi hukumbuka kwamba kuna kitu jikoni na kuinuka.

Nilirudi shuleni Julai. Mwezi wa tisa sista mkuu aliniita, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akanieleza polepole. Mama alikuwa amesinzia akaangukia motoni. Bega liliungua, na ndipo damu yake ilipopimwa. Hilari alimpakia kwenye baiskeli yake, akamfunga kwa kanga asianguke, akaisukuma mpaka stesheni, kisha akapanda naye treni ingawa haikuwa kazi yake.

Nilimkuta Hilari wodini, amesimama karibu na ukuta, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bwana Hilari."

Hakuitikia. "Niliirudisha sindano, Josepha," akasema. "Ni mimi."

Alitaka kuninyang'anya mzigo uliokuwa wangu, kijana wa watu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Mama alilala kwenye mkeka, amekwisha, mdomo wazi. Aliyekuwa anamlisha uji kwa kijiko alikuwa mwanamke mwenye mashavu yaliyojaa, nywele zimesukwa vizuri. Nilichukua muda kumtambua. Alikuwa Imakulata, tuliyemlilia kama maiti.

"Mimi walinileta mapema," akasema, kama anayeomba radhi. "Dawa ilinikuta ugonjwa haujaingia kichwani."

Nilisimama pale, nikaelewa yote.

Nilikwenda kila Jumamosi. Jumamosi ya pili mama alifungua macho na midomo yake ikaanza kucheza. Nikainama.

"I am walking," akasema.

Nikangoja. Nikamnong'oneza: mlangoni, Mayu, mlangoni. Akaanza tena, akaishia palepale. Mahali hapakuja. Alikuwa anatembea tu, amelala chali, haelekei popote.

Jumamosi ya tatu nilikuta mkeka umekunjwa na kuegemezwa ukutani. Imakulata alinishika mabega akanikalisha. Alifariki alfajiri, akaniambia, bila kuhangaika. Alikuwa amemwosha kwa mikono yake, na kwa sababu bega lilikuwa na kidonda alitumia maji ya uvuguvugu.

"Hakuwa mzima siku ile ya mstari," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea."

"Najua. Nilikuwa nimekaa pale kivulini, nikawasikia mnacheka." Aliikunja kanga ya mama juu ya magoti yake. "Niliwaonea wivu sana."

Aliuleta uji wake mwenyewe, akanishikia kikombe mpaka nikamaliza. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Nilisimama, sikujua niage vipi mahali ambapo sina tena mgonjwa.

Imakulata alinisindikiza hatua chache.

"Mimi bado nina wiki nne hapa," akasema, "na mjini sina mtu. Jumamosi uje tena."