Dotto Mara Mbili

Mimi ni mtu wa kazi safi, na Dotto aliniudhi tangu siku ya kwanza.

Programu ya kuonyesha nyota za usiku tuliyoweka kwenye kompyuta ya shule, hapa Mukendo, ilikuja na mandhari yake: kijiji cha Ulaya chenye mapaa marefu. Wanafunzi wa Musoma wakawa wanatazama nyota zao wakiwa wamesimama kwenye uwanja wa watu. Niliona huo ni upuuzi. Programu inaruhusu mtu kuweka mandhari ya kwao: unasimama mahali pamoja, unapiga picha huku ukizunguka, unaziunganisha ziwe duara moja, kisha unafuta anga. Pale ulipofuta, programu inajaza nyota. Dotto, mwalimu mwenzangu, akasema uwanja wa mama yake kule Butiama uko wazi pande zote. Tukaenda Jumamosi.

Sharti lilikuwa moja tu, mtu asionekane. Nilimwambia Dotto akae nyuma yangu, nikigeuka naye ageuke. Akasema sawa. Kumbe nilipoanza alikuwa ameegemea mlango wa jiko, na nilipofika upande wa pili alikuwa zizini akimzuia ndama, nami nilikuwa nakazania kamera tu. Niliyagundua hayo nikiwa nyumbani Bweri, picha zimeshaungana: Dotto mlangoni, Dotto zizini, uwanja mmoja, mchana mmoja. Nilimpigia simu kwa hasira nikamwambia nawafuta wote wawili.

Akacheka. "Futa tu, Nicolaus. Ila mwonyeshe mama kwanza, anaulizaga kila siku hiyo picha imefikia wapi."

Jumapili baada ya misa tulimpelekea kompyuta. Mama Sabina alivaa miwani, akatazama jiko lake, akamtazama mwanawe mlangoni. Nikasogeza picha taratibu mpaka zizini. Akanishika mkono.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Peleka tena." Nikapeleka. "Yule wa mlangoni ni Dotto," akasema. "Huyu ni Kulwa."

Nilitaka kumweleza jinsi picha zinavyounganishwa, nikaacha. Kila Dotto ana Kulwa, pacha aliyemtangulia kuzaliwa, na watu hawachoki kumuuliza yuko wapi. Nilishamsikia Dotto akiwajibu, "Alikufaga mdogo," kama mtu anayetaja saa. Kulwa alikufa kabla hajajua kukaa. Hakupigwa picha hata moja.

"Mama, hata huyo ni mimi," Dotto akasema.

"Najua ni wewe, sijachanganyikiwa. Lakini si mlikuwaga mnafanana mpaka namfunga mmoja wenu uzi mkononi? Basi angekuwa hivi. Mabega haya haya." Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena. "Mwalimu, nasikia unataka kufuta watu. Huyu nimeshafutiwa mara moja."

Roho iliniuma. Tuliporudi Musoma nilikaa kwenye kompyuta usiku huohuo.

Nilifuta anga peke yake. Kichwani kwa yule wa zizini nilikwenda pole pole, maana ukizembea hapo unamkata mtu sikio. Kisha nikaigeuza picha mpaka kaskazini yake ikakaa kwenye kaskazini ya nyota.

Siku ya onyesho tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi. Nikawasha projekta. Uwanja wa Mama Sabina ukatokea ukutani, nikauzungusha, nyota zikiwa juu ya jiko, nyota juu ya zizi. Watoto walishangilia walipoona ndama. Halafu binti mmoja, Bhoke, akanyoosha mkono.

"Mwalimu Dotto, mbona uko mara mbili?"

Nilifungua mdomo kueleza kosa la mpigapicha. Dotto akaniwahi.

"Mimi ni yule wa mlangoni," akasema. "Huyu wa zizini ni kaka yangu, Kulwa."