Saa Yenye Laini Yake

Hebu niambie, wewe ukipanda kilima asubuhi kwa ajili ya mwili wako, unahitaji kubeba nini zaidi ya taulo na chupa ya maji?

Swali hilo lilitushughulisha mimi na binti yangu Siew Gaik wiki nzima. Mwaka jana niliteleza kwenye ngazi iliyoota kuvu, nikategua kifundo cha mguu, na tangu hapo sharti lake likawa moja: bila simu, sipandi tena peke yangu. Simu yenyewe nzito, inanivuta suruali upande mmoja. Basi akaazima kwa mwenzake wa kazini saa janja yenye laini yake, inayopiga na kupokea hata simu ikibaki mezani nyumbani.

"Ijaribu siku tatu, Mama. Ikifaa nakununulia. Isipofaa tunachukua ile ya kawaida, inayotegemea simu."

Nikataka kuijua vizuri. Chini ya kilima nilikaa nikitazama mapigo ya moyo: sabini na nne. Nikabana pumzi nione kama itababaika. Kwenye kona ya mianzi, njia inapoingia bondeni, mtandao ukapotea. Nikarudi hatua tano, ukarejea. Nikaenda na kurudi mara nne, mpaka mpandaji mmoja akaniuliza nimedondosha nini.

Juu kuna kibanda cha chai, ambacho sisi wapandaji tunakipelekea maji na sukari wenyewe. Teong Beng, anayechemsha chai, alikuwa ananimiminia kikombe mkono wangu ulipoanza kulia.

"Mama, uko wapi?"

"Kibandani."

"Umekunywa maji?"

Teong Beng akainamia mkono wangu. "Siew Gaik, mama yako yuko kwenye biskuti ya tatu!"

"Mwongo huyu! Ya pili."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kabla sijafika chini alipiga mara nne zaidi: ufunguo wa kabati, uji wa mtoto, mvua, na mara moja bila sababu. Siku ya pili akapiga mara saba.

Siku ya tatu, tukiwa tunakula tambi, akauliza, "Haya, inafaa au haifai?"

"Hatua na moyo, ile ya kawaida nayo inahesabu. Laini inakula chaji tu. Kwa mazoezi, haiongezi kitu."

"Na ukianguka?"

"Hapo inafaa, sikatai. Ila si bondeni."

"Basi utaendelea kubeba simu."

"Simu naizima nikifika geti la chini ya kilima."

Akaweka vijiti vya kulia chini. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mama! Na mimi nalala nikijua..."

"Namba yako anayo Teong Beng. Nisipofika kibandani saa moja na nusu, anakupigia, kisha anashuka kunitafuta. Nilimwomba jana, akakubali."

Akavichukua tena vijiti, akageuza tambi zake. "Kwa nini hukuniambia tu?"

Nikaivua saa ile, nikasugua alama iliyoacha mkononi.

"Niliogopa utajisikia vibaya. Napenda ukinipigia, mwanangu. Lakini kila siku nataka masaa mawili ambayo hakuna anayeniita."