Shingo ya Pikipiki ya Dah Kpossou

Mjini Bohicon, kujua ufundi ni jambo moja, na kuitwa fundi ni jambo jingine. Unaitwa fundi siku bosi wako anapokuachia huru mbele za watu. Unapiga magoti, unamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka kope zinakuwa nzito, unakabidhiwa spana zako mwenyewe, halafu unauzunguka mji kwa pikipiki huku honi za wenzako zikilia nyuma yako. Kabla ya hapo, hata kama unaweza kufumua injini huku umefumba macho, wewe ni mtu wa kutumwa maji.

Vignon alikuwa amechoka kutumwa maji.

Karakana ya bosi wake, mzee aliyeitwa kwa heshima Dah Kpossou, ilikuwa na desturi yake zaidi ya hizo. Aliyeachiwa huru aliuzunguka mji kwa pikipiki ya bosi mwenyewe, ile nyekundu, na bosi akaketi nyuma yake kama abiria. Kila aliyeona alielewa: mzee leo amemkabidhi kijana roho yake. Cheti gani kingeshinda hilo?

Shida ni kwamba ile nyekundu ilikuwa inatikisa kichwa.

Wa mwisho kuiendesha siku ya uhuru wake alikuwa Hounsa, kiangazi kilichopita. Alipofika mbele ya soko, pale barabara inapoteremka kidogo, aliachia mafuta ili awapungie watu mkono. Usukani ukaanza kucheza, kidogo, kisha sana, kisha ukawa kama mbuzi anayekataa kamba. Hounsa akaruka mtaroni na nguo zake nyeupe, na Dah Kpossou akamfuata. Mifupa ilisalimika, heshima ndiyo iliyovunjika. Watu walisema Gu, mungu wa chuma, amemkataa kijana. Wasichana wa sokoni hawakungoja hata matope yakauke, wakamtungia wimbo:

Hounsa mwana wa mtaro,
chuma kimekutema!

Tangu siku hiyo Hounsa hakushika spana tena. Alivaa shati la madereva wa zemi, pikipiki za kukodi, na kubeba abiria kama vijana wengine wote wa mji.

Sasa ilikuwa zamu ya Vignon. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Mama yake alikwisha kushona kitambaa cha sare, shangazi zake walikuwa njiani kutoka Covè na kuku wao, na pikipiki ilikuwa bado inatikisa kichwa.

"Wazee wenye mvi wameishika hii," Dah Kpossou alimwambia, akilipiga tangi kofi la upole. "Tairi jipya wametia. Mafuta ya shokapu wamebadilisha. Bado. Wewe ndiye unayetembea humu kifua mbele kama jogoo wa harusi, basi itulize. Isipotulia, Jumamosi hakuna kitu. Utakaa kwangu mwaka mwingine. Mimi mtaroni sirudi."

"Na ikitulia, Dah?"

"Ikitulia utaiendesha, na mimi nitakaa nyuma. Unataka nikuapie?"

"Hapana, Dah. Nataka ununue nguo nyeupe."

Mzee alimtazama kwa muda, asijue amtandike au acheke. Akamtupia ufunguo.

Vignon aliitoa pikipiki hadi barabara ya Abomey. Hakuiendesha kama mtu anayekwenda mahali, aliiendesha kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Alipokandamiza mafuta, pikipiki ilitulia. Alipoachia na mwendo ukaanza kushuka, usukani uliamka na kutetemeka mikononi mwake, na alipogusa breki ukatetemeka zaidi. Akarudia. Ikawa vilevile. Basi ugonjwa ulikuwa na saa zake: ulikuja wakati uzito wa pikipiki unaegemea mbele.

Akaanza na gurudumu, kwa sababu kila mtu huanza na gurudumu. Aliinua mbele ya pikipiki juu ya gogo, akalizungusha, akashika msumari karibu na rimu aone kama kuna mahali panapokaribia au kukimbia. Rimu ilipita imenyooka. Aligonga spoku moja moja kwa spana, akisikiliza. Zote ziliimba sauti moja, hakuna iliyolegea. Alibadilisha beringi za gurudumu, ingawa hazikuwa na kosa. Akakaza ekseli. Akairudisha barabarani, na ilipofika mwendo uleule, usukani ukaamka vilevile.

Aliporudi, Hounsa alikuwa amesimamisha zemi yake mbele ya karakana, mguu mmoja chini.

"Vipi, jogoo? Imekusalimia?"

"Imenisalimia."

"Mimi ilinisalimia mpaka mtaroni. Mdogo wangu, nikwambie kitu? Vaa nguo nyeusi. Matope hayaonekani."

"Kaka Hounsa, wewe ulianguka. Mimi sianguki."

"Hata mimi nilisema hivyo," Hounsa akajibu, na safari hii hakukuwa na utani ndani ya sauti yake. Akawasha zemi, akaondoka.

Maneno hayo yalimchoma Vignon kuliko wimbo wa sokoni. Alimjua Hounsa. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wanafunzi wote waliopita katika karakana ile. Kama Gu alimkataa mtu wa namna ile, atamkubali nani?

Alhamisi asubuhi Dah Kpossou alikuja kumlisha Gu. Mlangoni mwa karakana palikuwa na lundo la chuma kikuukuu, minyororo, pistoni zilizoungua, gia zilizokwisha meno, na juu yake kuti changa la mchikichi. Mzee alimwaga sodabi, pombe kali ya mchikichi, juu ya lundo, akanena maneno yake. Kisha, kama alivyofanya kabla ya kila jambo kubwa, na kila wiki tangu siku ya mtaro, alichukua kibuyu cha mawese akaenda kwenye ile nyekundu. Akamwaga mafuta pale juu, chini kidogo ya usukani, mahali nguzo ya usukani inapoingia kwenye fremu. Shingo, wanapaita. Mzee aliamini ndiko roho ya pikipiki inakokaa. Hata kile kifuniko cha kuzuia vumbi alikwisha kukitoa zamani, ili Gu apate kunywa bila kizuizi.

Vignon alitazama mawese yakimiminika, mazito, mekundu. Akangoja yadondoke chini.

Hayakudondoka.

"Yanakwenda wapi?" aliuliza, kwa sauti, kabla hajajua kwamba ameuliza.

"Kwa mwenyewe," Dah Kpossou alijibu bila kugeuka.

Mzee alipoingia ndani, Vignon aliiweka tena pikipiki juu ya gogo, gurudumu la mbele likiwa hewani. Alishika usukani kwa vidole viwili tu, akaupeleka kushoto taratibu, kulia taratibu. Katikati kabisa, mahali unapotakiwa kuteleza kama ulimi kinywani, ulitumbukia kwenye kishimo kidogo, ukakaa. Akauondoa. Ukarudi, ukatumbukia tena. Kisha akachuchumaa, akashika miguu ya shokapu kwa chini, akaivuta kwake na kuisukuma.

Ko. Ko.

Siku zote hizo watu walikuwa wanaangalia miguu ya mgonjwa, kumbe kilichooza ni shingo.

Lakini shingo ile haikuguswa na mtu. Palikuwa mahali pa sadaka, na wazee wenye mvi waliojaribu waliizunguka kama nyumba yenye mbwa. Kijana mwingine angesubiri mzee aende sokoni, afungue kimyakimya. Vignon hakuumbwa hivyo. Alimfuata ndani, akamkuta ameketi na Zinsou, mwenyekiti wa mafundi wa mji, ambaye ndiye angesimamia sherehe. Walikuwa wanakula akassa, ugali laini wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki.

"Dah, nimeukuta ugonjwa. Uko shingoni. Nataka kufungua."

Mkono wa mzee ulisimama katikati ya sahani na mdomo. "Shingoni?"

"Mawese yameingia ndani. Yamefukuza grisi. Vumbi limeyafuata, maji ya kuoshea yamefuata, na sasa gololi zimekwisha. Kila ukilisha, inazidi kuumwa."

Zinsou alikohoa. Mwiba wa samaki, au maneno.

"Yaani," Dah Kpossou alisema polepole, "sadaka yangu ndiyo ilinitupa mtaroni."

"Ndiyo, Dah."

"Mtoto huyu!" Zinsou akafoka. "Adabu umeiacha kwa mama yako?"

"Mwache," mzee akasema. Alikuwa amesimama. "Vignon, baba yangu alimwagia chuma mawese maisha yake yote. Unataka kuniambia baba yangu alikuwa mjinga?"

"Baba yako alikuwa mhunzi, Dah. Alimwagia nyundo. Nyundo haina gololi ndani."

Nje, zemi moja ilipita ikipiga honi, na hakuna aliyegeuka.

"Fungua," Dah Kpossou akasema mwishowe. "Sasa hivi, mbele yangu na mbele ya Zinsou. Lakini sikiliza. Ukikuta grisi safi humo ndani, kusanya vitu vyako. Sizungumzii mwaka mmoja. Nazungumzia milele."

"Na nisipoikuta?"

"Fungua!"

Vignon alifungua. Alitoa gurudumu, akaning'iniza taa pembeni, akaondoa usukani, akalegeza nati ya juu. Akavuta nguzo kwa chini.

Kilichotoka kilikuwa uji mwekundu, mzito kama gundi, wenye mchanga wa Bohicon nzima ndani yake. Gololi zilianguka kwenye kitambaa moja moja. Nyingine zilikuwa na kutu, nyingine zilikuwa na upande bapa. Vignon alifuta kikombe cha chini, kile ambacho gololi huzungukia, akakipeleka kwenye mwanga. Ndani yake vishimo vilikuwa vimejipanga duara, kama meno yaliyouma embe.

"Hiki ndicho kishimo ninachokisikia mkononi," alisema. "Ukiachia mafuta, uzito unakuja mbele. Gololi zinatumbukia hapa, zinatoka, zinatumbukia. Usukani unacheza. Halafu, mtaro."

Dah Kpossou alichukua gololi moja bapa, akaizungusha kati ya vidole. Haikuzunguka.

"Hounsa," alisema, kana kwamba anazungumza na ile gololi.

Zinsou alimaliza samaki wake peke yake.

Vignon aligongoa vikombe vya zamani kwa nondo ndefu, akasafisha shingo kwa petroli mpaka chuma kikacheka. Akaingiza vikombe vipya kwa kuvigonga kwa upole, upande huu, upande ule, vikae sawa. Akatia grisi bila ubahili na kupanga gololi mpya ndani yake. Kwenye nati ndipo Zinsou alipojaribu kurudisha hadhi yake.

"Kaza! Kaza mpaka iseme basi!"

"Ikisema basi, mwenyekiti, haitakwenda moja kwa moja. Itayumba kama mlevi anayejifanya mzima."

Alikaza mpaka gololi zikakaa, kisha akalegeza kidogo kidogo, mpaka usukani, ukisukumwa kwa kidole kimoja, ulianguka wenyewe upande mmoja kwa uzito wake bila kukwama popote. Akavuta miguu ya shokapu. Hakuna ko. Mwisho alikata duara la mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu, akaifunika shingo.

"Na Gu je?" Dah Kpossou aliuliza. Hilo halikuwa swali la mzaha.

Vignon alikusanya vile vikombe vilivyoliwa na zile gololi bapa, akaviweka juu ya lundo pale mlangoni, akamkabidhi mzee kibuyu. Dah Kpossou alimwaga mawese hapo, na safari hii yaliteremka juu ya chuma, yakaingia ardhini, kila mtu akayaona yalikokwenda.

Jumamosi poda ilimwagwa kana kwamba mawingu yamepasuka. Mama yake Vignon alilia na kucheza kwa wakati mmoja. Zinsou alisoma maneno ya uhuru bila kukohoa. Kisha Vignon akapanda ile nyekundu, mweupe toka unyweleni hadi viatuni, na Dah Kpossou akapanda nyuma yake, naye akiwa amevaa nguo nyeupe mpya.

Nyuma yao honi zililia mpaka kuku wakahama barabara. Walipokaribia soko, wasichana walikuwa wamejipanga ukingoni mwa mtaro, wimbo ukiwa tayari mdomoni, limebaki kubadilishwa jina tu. Vignon aliwaona. Pale barabara inapoteremka, pale pale, aliachia mafuta. Mwendo ukashuka. Akainua mkono mmoja kuwapungia watu.

Kisha akainua wa pili.

Pikipiki ilikwenda. Ilinyooka kama uzi wa mfumaji, mikono miwili hewani na usukani umetulia, na nyuma yake Vignon alisikia mzee akivuta pumzi, kisha akicheka, kisha akaona kwenye kioo mikono mingine miwili yenye mishipa ikipanda juu. Soko likalipuka. Wimbo wa mtaro ulikufa mdomoni mwa wasichana, vigelegele vikachukua nafasi yake.

"Simama!" Dah Kpossou alimpigia kelele sikioni.

Vignon alisimama. Kwenye kijiwe cha zemi, Hounsa alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake, amejikunyata. Mzee alishuka, akamwendea mbele ya watu wote, akachota poda iliyokuwa begani mwa Vignon, akaipaka kichwani mwa Hounsa.

"Chuma hakikukutema," alisema, kwa sauti ya kutosha soko zima. "Ni mimi niliyekijaza mawese kooni. Mikono yako haikuwa na kosa. Panda."

Hounsa alimtazama Vignon. Vignon alishuka, akamshikia usukani.

"Ina shingo mpya, kaka. Usiikabe. Achia, uone."

Hounsa alipanda. Mzee akapanda nyuma yake. Wakazunguka soko lote na kurudi kwenye ule mteremko, na hapo Vignon, amesimama kando ya mtaro na spana zake mpya begani, alimwona Hounsa akiinua mkono mmoja.

Kisha wa pili.